Dawa ya kudumaza nyasi: niliyoyaona kwenye bustani za Karen msimu wa masika

Kazi yangu ni kutunza bustani za watu, nyingi ziko Karen na Lang'ata, na mwezi wa nne huwa ni vita kati yangu na nyasi za Kikuyu. Nyasi hizi asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, kwa hiyo hapa Nairobi ziko kwao. Masika ikizikuta zimewekwa mbolea, unakata Jumatatu na kufikia Alhamisi zimeshafunika viatu. Mvua ikikuzuia wiki nzima, siku utakayokata mashine inaondoa majani yote mabichi na kubakiza vikonyo vya kahawia, na mwenye nyumba anakuuliza umemwaga nini.

Dawa niliyonunua ina kiambato cha trineksapaki-ethili, kilekile kinachotumika kufupisha mabua ya ngano na shayiri ili yasilale. Haiui nyasi. Inaingilia utengenezaji wa jiberelini, homoni inayorefusha seli, hivyo jani linaendelea kuota ila halirefuki kwa kasi. Inaingia kupitia majani, kwa hiyo unapulizia nyasi zikiwa kavu, asubuhi isiyo na dalili ya mvua, na siku hiyo hukati wala humwagilii. Masika kuipata asubuhi ya namna hiyo ni kazi yenyewe.

Angalia unachouziwa. Agroveti moja walitaka kunipa paklobutrazoli, ile wanayoijua wakulima wa maembe, wakasema ni kitu kimoja. Sivyo. Hiyo hufyonzwa zaidi na mizizi, inahitaji maji ya kuishusha, na hukaa udongoni muda mrefu. Kwenye bustani yenye maua na miti midogo pembeni mimi siithubutu. Pia hakikisha chupa ina namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali ya Kenya inayosajili dawa za kilimo, na lebo inataja nyasi za bustani, si ngano peke yake, kwa sababu vipimo havifanani.

Sasa matokeo. Siku za mwanzo nyasi zilipauka, zikawa na umanjano. Mzee mwenye nyumba alinisimamisha getini: "Kijana, mvua yote hii na nyasi zangu zinakauka?" Nilikuwa nimeshamwambia mapema, lakini kuambiwa na kuona ni vitu viwili. Baadaye rangi ilirudi, tena kijani kilichoiva kuliko cha jirani, na majani yakawa mafupi yaliyosongamana. Badala ya kukata mara mbili kwa wiki nikawa nakata mara moja, na takataka za kubeba zikapungua karibu nusu. Petroli pia, bila shaka.

Jambo ambalo muuzaji hatakwambia ni hili: dawa ikiisha nguvu, nyasi hurudi kwa hasira. Zinakua haraka kuliko zile ambazo hazikupuliziwa kabisa, kwa muda fulani. Ukipulizia mara moja ukasahau, utakuja kukata kwa jasho lote ulilodhani umeliepuka. Na muda wake hauhesabiwi kwa wiki za kalenda, bali kwa joto, kwa sababu kadiri siku zinavyokuwa na joto ndivyo nyasi zinavyoivunja dawa haraka. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walipendekeza nyasi za grini za gofu, yaani pale penye shimo la mpira, zipuliziwe upya kila ukijumlisha wastani wa joto wa siku baada ya siku tangu upulizie ukafika nyuzi 200 za Selsiasi. Kwa Nairobi yenye wastani wa nyuzi 20 mwezi wa tatu, hiyo ni kama siku kumi tu! Lakini zile ni nyasi laini zinazokatwa chini kabisa kila siku. Kwenye nyasi za Kikuyu zilizoachwa ndefu, mimi naona dawa inadumu zaidi ya hapo, na Julai ya baridi inadumu zaidi bado. Ila Julai nyasi zenyewe zimelala, ya nini kuipoteza?

Haifai kila mahali. Kwenye nyasi zenye magugu ya majani mapana, nyasi zinabaki chini na magugu yanajitokeza juu yake, aibu tupu. Penye mabaka yaliyokufa usiiguse, maana unataka nyasi zitambae zizibe. Lakini chini ya miti, ambako nyasi hurefuka zikitafuta mwanga kisha zikadhoofika, ilifanya vizuri kuliko nilivyotarajia.

Bei si ya mchezo, na chupa ni kubwa mno kwa kompaundi moja. Mimi na mwenzangu wa kazi hii tulichanga tukanunua moja na kuitumia kwa zamu, ikibaki ndani ya chupa yake yenye lebo. Nitanunua tena mwezi wa tatu, kabla mvua haijashika, kwa zile bustani tatu kubwa pekee.