Kioo cha laptop: nimenunua Kariakoo, nikafunga mwenyewe nyumbani

Kwa mwenye laptop ya kawaida isiyo ya tachi, yani hizi ThinkPad, EliteBook na Latitude za mtumba zilizojaa mjini, mi nasema kioo kanunue Kariakoo, kijaribiwe palepale dukani, afu nenda kafunge mwenyewe nyumbani. Nimefanya hivo kwa ThinkPad T480 yangu na duka lililoniuzia nalipatia nyota nne kati ya tano.

Ila kabla hujatoa hata mia hakikisha kweli kilichokufa ni kioo. Chomeka HDMI kwenye TV ya sebuleni, picha ikitoka safi kule basi tatizo mara nyingi liko kwenye kioo au kwenye kebo yake. Kama picha inakuja na kupotea ukifungua na kufunga mfuniko, cheki kebo kwanza, inapita pale kwenye bawaba na inachoka kwa kukunjwa kila siku, na ni bei ndogo kuliko kioo. Ukiona giza tupu, mulika tochi ya simu kwa upande, ukiona maandishi kwa mbali ujue picha ipo ila taa ya nyuma haiwaki. Yangu ilikuwa haina mjadala, ilikuwa na ufa toka kona hadi kona na wino mweusi unatambaa.

Sasa dukani. Nilishuka na mwendokasi Msimbazi nikatembea hadi mtaa wa Aggrey, na niliowauliza mwanzoni wengi walinijibu "inchi 14 zote sawa kaka, leta mashine tukufungie". Si kweli bana. Kioo kina vitu vya kulinganisha: ukubwa wa inchi, pini za kebo (30 au 40), masikio ya kufungia skrubu yapo au hayapo, na soketi iko upande gani. Cha tachi mara nyingi ni pini 40, na zile za gemu zenye 120Hz (picha inabadilika mara 120 kwa sekunde) kupanda juu nazo ni 40, ukibeba cha 40 wakati kebo yako ni ya 30 umeliwa, hakiingii.

Hili duka ninalolisifia liko ghorofani kwenye kijumba kidogo cha vioo, na kijana wa pale kitu cha kwanza alichouliza ni "kaka, namba ya nyuma ya kioo unayo?" Hapo nikajua nimefika. Namba hiyo ipo kwenye stika mgongoni mwa kioo chenyewe, na herufi za mwanzo zinakwambia kampuni iliyokitengeneza: ikianza na LP ni LG, B ni AUO, N peke yake huwa ni Innolux, NV au NT ni BOE. Kwa hiyo fungua mashine nyumbani kwanza, piga picha stika pamoja na kichwa cha kebo, ndo uende. Akaniambia pia kwamba cha kwangu kilikuwa cha vidoti 1366 kwa 768 na kebo ni ya pini 30, naweza kuweka cha 1920 kwa 1080 chenye pini zilezile, akaniongezea kidogo tu kwenye bei. Huyu kijana angeweza kuniuzia kile cha hovyo na nisingejua, hakufanya hivo. Sa hivi nikifungua Excel naona safu nyingi, na ukiiangalia kwa pembeni rangi hazigeuki kama zamani.

Akakichomeka kwenye mashine yao, tukaweka ukurasa mweupe, mweusi, mwekundu, kutafuta vidoti vilivyokufa. Duka lisilokubali hii hatua, ondoka tu.

Nyota niliyoinyima ni ya waranti. Walikubali kubadilisha kikizingua lakini kwa mdomo tu, risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) sikupewa mpaka nilipoidai, na nikawaomba waandike namba ya kioo juu yake wakaona nasumbua. Mteja ametoa laki na kitu, karatasi ni haki yake.

Kufunga kwenyewe ni chini ya saa moja kama huna papara. Kitu kimoja ndo cha kuogopa: umeme. T480 ina betri mbili, ya nje unaitoa kwa mkono, ya ndani unaizima kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka), kuna sehemu ya kuzima betri ya ndani kwenye mipangilio ya power. Kwa mashine nyingine fungua chini uchomoe betri. Ukichomeka kebo ya kioo umeme ukiwepo unaweza kuunguza fyuzi ya taa kwenye bodi, hapo kioo kipya kitakuwa giza na sasa unatafuta fundi wa bodi. Umeme ukishazimwa, ni kubandua fremu ya plastiki taratibu kwa kadi ngumu (bisibisi itaikwangua), skrubu ndogo, kulaza kioo juu ya kibodi, kuinua kale kabanio ka chuma kwenye soketi, na kuvuta kebo ikiwa imenyooka. Washa ujaribu kabla hujarudishia fremu.

Wenye MacBook, wenye kioo cha tachi kilichogundishwa na kigae (glasi) cha mbele, na zile nyembamba za kukunja, hapo msijaribu. Kigae kinapasuka wakati wa kubandua na nyingine zinataka mfuniko mzima. Mpe fundi ila kaa naye hapohapo mezani, akikwambia "acha uje jioni" mwambie utarudi siku akiwa na nafasi, humo ndani kuna mafaili yako, na RAM na diski havichukui dakika kubadilishwa.

Hilo duka wanapokea M-Pesa, na ukiwatumia picha ya stika WhatsApp wanakwambia kama mzigo upo kabla hujapanda gari. Nenda asubuhi, mchana pale ngazini hapapitiki.