Chujio la mkaa wa mifupa: tathmini kwa nyumba ya mwalimu mmisionari Nakuru

Mwalimu mmisionari anayetumwa kufundisha Nakuru aghalabu huja na chujio la maji ndani ya sanduku. Likiwa la kauri, litazuia bakteria wengi wa kuharisha na wa homa ya matumbo, na kwa kazi hiyo linafaa. Ila floraidi, madini yaliyoyeyuka majini ambayo yakizidi huharibu meno, hulipita bila kizuizi. Kwa Nakuru, chujio la kununua ni la mkaa wa mifupa, na lafaa liwe limeshasimama jikoni kabla mgeni hajapika chai yake ya kwanza. Tathmini hii ni kwa kamati za shule, parokia na makanisa yanayompokea mwalimu kutoka nje, maana wao ndio hutayarisha nyumba.

Kosa linalorudiwa ni kuhamisha mazoea ya magharibi mwa Kenya hadi Bonde la Ufa. Kaimosi, ambako wamisionari wa Friends (Waquaker) kutoka Marekani walifungua kituo mwaka 1902, au Maseno, iliyoanza mwaka 1906, mwalimu mgeni huambiwa achemshe maji na ayachuje, basi. Hofu kubwa huko ni vijidudu. Nakuru imekaa chini ya volkano ya Menengai, juu ya mawe na majivu ya volkano, na maji ya visima virefu hukaa ndani ya mawe hayo muda mrefu yakinyonya floraidi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya eneo hili huvuka hapo. Kuchemsha hakusaidii. Maji hupungua kwa mvuke, floraidi hubaki sufuriani, kwa hiyo kila lita iliyosalia ina nyingi zaidi kuliko mwanzo.

Mtu mzima aliyekuja kwa mkataba wa miaka 2, meno yake yameshakomaa na hayatabadilika rangi. Wa kuhofiwa ni watoto wake. Meno ya kudumu hujengeka ndani ya ufizi hadi karibu umri wa miaka 8, na floraidi iliyozidi katika kipindi hicho huacha madoa meupe au ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi kamwe. Mtoto anayenyonya ana kinga, kwani maziwa ya mama hubeba floraidi kidogo mno. Anayepewa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya kisima ndiye anayebeba mzigo mkubwa kuliko wote nyumbani, ukilinganisha na uzito wa mwili wake. Familia ya namna hiyo isikabidhiwe nyumba isiyo na chujio hili, hata kwa wiki moja ya kujipanga.

Chombo chenyewe hakihitaji umeme wala fundi. Ni ndoo ya plastiki yenye kifuniko, iliyojazwa chembe za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, yenye mfereji mdogo wa kutolea maji, na ndoo ya pili ya kuyapokea. Mifupa huchomwa tanuruni kwenye hewa haba, kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 hivi, kisha husagwa, huchekechwa na kuoshwa. Madini yaliyobaki ya mfupa ndiyo yanayoikamata floraidi. Idara ya maji ya Jimbo Katoliki la Nakuru ndiyo iliyoisambaza kazi hii hadi majumbani na shuleni tangu miaka ya 1990, kwa hiyo Nakuru si mahali pa kubahatisha: muulize muuzaji mkaa wake umechomwa wapi, na nani huupima.

Kisha fungua kifuniko uutazame kwa macho yako. Mkaa mzuri ni mweusi. Wenye rangi ya kahawia haukuiva. Bado una mafuta na nyama, na maji yake yatanuka. Wenye kijivu cha kuelekea weupe umeungua kupita kiasi, nao hauna nguvu ya kushika floraidi ingawa maji yake hutoka maangavu na matamu. Huu wa pili ni hatari kuliko wa kwanza, kwa sababu mtumiaji hapati dalili yoyote. Chembe nazo ziwe zimechekechwa vizuri. Vumbi huziba mfereji, na chembe kubwa huyaacha maji yapite upesi mno.

Siku ya kulisimamisha, weka ndoo juu ya stuli imara au jukwaa la matofali, mbali na mikono ya watoto, kwani ikijaa maji ni nzito sana. Mimina maji polepole mpaka yaufunike mkaa, uyaache yakae, halafu uyafungulie. Ya kwanza hutoka meusi kwa vumbi. Mwaga, rudia, hadi yawe maangavu. Maji hayo yanafaa kudekia sakafu. Baada ya hapo mfereji usifunguliwe wote. Floraidi hushikwa pale maji yanapokaa na mkaa, hivyo mtiririko mwembamba hushinda mtiririko wa haraka kila mara. Malalamiko mengi kwamba chujio halifanyi kazi huanzia hapa, mtu anapotaka kujaza jagi wageni wakiwa mezani. Dawa yake ni ndoo ya pili kujazwa usiku. Usiache pia mkaa ukauke: hewa ikiingia katikati ya chembe, maji hujitafutia njia moja na sehemu kubwa ya mkaa haifanyi kazi.

Maji ya kuoga, kufua na kuosha vyombo yasipitishwe humu. Ya kupikia yapitishwe, na hapa wageni wengi huteleza kwa kudhani kunywa ni glasi tu. Ugali, wali, maharagwe na githeri hunyonya maji mengi, na chai ni maji matupu ambayo majani yake yana floraidi ya asili. Mpishi wa nyumba aelezwe jambo hili kwa heshima na kwa ukamilifu. Aelezwe pia kuhusu magadi: kijiko cha magadi kwenye githeri au mboga za kienyeji hurudisha floraidi sufuriani baada ya kazi yote ya kuiondoa.

Udhaifu mkubwa wa chujio hili ni kwamba mkaa huchoka kimyakimya. Ladha haibadiliki, rangi haibadiliki, mtiririko ni uleule. Hesabu ndiyo ya kukuongoza. Nyumba inayotumia lita 20 kwa siku za maji yenye miligramu 6 kwa lita humimina miligramu 120 za floraidi kila siku. Kwa maji ya miligramu 3, mkaa wa ndoo ileile ungedumu karibu mara mbili ya hapo kabla ya kuchoka. Ndiyo maana muuzaji anayekuambia mkaa hudumu miezi kadhaa bila kuuliza maji yako yanatoka wapi hajui anachouza. Pima maji ya kisima kabla ya kununua, pima yaliyochujwa mara tu baada ya kulisimamisha, kisha mwanzo wa kila muhula. Sampuli ibebwe katika chupa safi ya plastiki, si ya kioo, kwa kuwa floraidi hushikana na kioo na kuharibu kipimo. Yakifika miligramu 1.5, mkaa ubadilishwe. Kiwandani huweza kuhuishwa kwa sodakostiki, nyumbani usijaribu.

Vijidudu ni kazi nyingine. Utaratibu ni mkaa kwanza, kisha kuchemsha au klorini. Klorini ikitangulia, mkaa huila. Nyumba ikifungwa likizo ya Agosti au Desemba, maji yaliyolala ndani huota vijidudu, kwa hiyo mwalimu akirudi amwage ndoo kadhaa kabla ya kunywa.

Waadventista wasiokula nyama, na wengine, huuliza juu ya mifupa. Ni swali la haki, nao waambiwe ukweli kabla chujio halijanunuliwa: ni mifupa ya ng'ombe, imechomwa hadi yakabaki madini na kaboni. Asiyeridhika atumie maji ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi. Mabati safi, gata na tangi humtosha vizuri miezi ya masika, ila kiangazi cha Januari na Februari huhitaji tangi kubwa. Mitambo ya umeme inayosukuma maji kwenye utando huondoa floraidi kweli, lakini hutupa maji mengi na husimama umeme ukipotea. Kwa bweni la wanafunzi, ndoo haifai kabisa. Hapo yatakiwa tangi zima la mkaa kwenye bomba la jiko la shule.

Ubavuni mwa ndoo, kwa kalamu isiyofutika, andika tarehe mkaa ulipowekwa, kipimo cha kisima na kipimo cha mwisho cha maji yaliyochujwa. Walimu wamisionari huja na kuondoka, na anayekabidhiwa nyumba bila maandishi hayo aubadilishe mkaa kabla hajampa mtoto kikombe.