Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS: unamfaa aliyekatikiwa mshahara?

Kazi ya miaka mingi ikiisha, fedha ya mwisho huja kwa mkupuo: notisi, likizo, kiinua mgongo, kisha mafao. Wengi hudhani mkupuo huo utakuwa mkubwa kuliko ulivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka wa kazi, ukomo miaka 10. Aliyetumika miaka 25 anapata siku 70, sawa na wa miaka 10, isipokuwa mkataba wake uwe na masharti bora zaidi.

Katika mifuko ya UTT AMIS, taasisi ya serikali inayokusanya fedha za watu wengi na kuziwekeza kwa pamoja, wastaafu na waliopunguzwa kazini huvutiwa sana na mfuko wa Hatifungani (unaowekeza hasa kwenye hatifungani, yaani mikopo inayolipa riba), ulioanza 2019, kwa sababu una mpango wa gawio la kila mwezi kwa anayeweka kuanzia shilingi milioni 10. Ni mfuko mzuri, ila kwa aliyepoteza kipato chote hesabu yake inabana. Tuseme una milioni 20 na faida ni asilimia 12 kwa mwaka (huo ni mfano tu, faida haina dhamana). Gawio ni 200,000 kwa mwezi. Nyumba inayotumia 900,000 bado ina pengo la 700,000, na pengo hilo ndilo huwarudisha watu kwenye mikopo ya simu.

Kwa kazi hii tunapendekeza Ukwasi. Kiwango cha kuanzia ni kidogo, hakuna ada ya kuingia wala ya kutoka, na fedha hulipwa ndani ya siku 3 za kazi tangu uagize kuuza vipande, yaani sehemu zako za mfuko. Akaunti ya muda maalumu ya benki haikupi nafasi hiyo, kwani ukiivunja kabla ya muda riba hupotea, yote au sehemu kubwa. Mfuko wa Umoja, nao wa UTT AMIS, unagusa hisa, na hisa zinaweza kushuka mwezi uleule wa ada ya shule.

Utumie hivi: acha benki matumizi ya mwezi mmoja, weka mkupuo uliobaki, kisha jilipe mshahara. Uza mara moja tu kwa mwezi, kiasi kilekile, tarehe ileile. Kwa mfano wetu wa milioni 20 na faida ileile ya asilimia 12, ukijilipa 900,000 fedha inafika takriban miezi 25. Ukishusha hadi 600,000 inafika 40. Kupunguza theluthi ya matumizi kunakununulia zaidi ya mwaka mzima wa kutafuta kazi au kujenga biashara, jambo ambalo hakuna mfuko utakaokupa kwa faida peke yake. Ndiyo maana kukata matumizi kunapaswa kuanza mwezi wa kwanza, wakati salio bado ni kubwa, ingawa hapo ndipo familia huona hakuna haraka.

Panapokwama ni pale pale kila mara. Jina la akaunti ya benki lisipolingana na la kitambulisho cha NIDA, malipo huchelewa. Rekebisha kabla ya kuweka, si siku unayotaka kutoa. Siku 3 hazihesabu wikiendi wala sikukuu: agizo la Ijumaa linaweza kulipwa Jumatano, na likigusa Pasaka au Idi linasogea zaidi. Kwa hiyo fedha ya dharura ya hospitali isikae yote humu. Kodi ya nyumba ya miezi 6 kwa mkupuo, kama wanavyodai wenye nyumba wengi Dar es Salaam, itenge pembeni usiihesabu kwenye mshahara wako.

Hatifungani uufikirie pale kipato kipya kinapobeba angalau nusu ya matumizi. Hapo hamisha milioni 10 tu, iliyobaki ibaki Ukwasi.