Amplifaya ya "mazoezi ya chumbani" iliyoamsha nyumba nzima

Kama unaishi nyumba ya kupanga ambayo kuta hazifiki kwenye bati, usitoe hata shilingi kwa amplifaya ya gitaa kabla hujafanya hivi: chomeka gitaa, chomeka hedifoni, halafu zivue hedifoni uziweke mezani na upige uzi. Sikiliza spika. Ikinyamaza kabisa, lipa. Ikitoa hata mnong'ono, rudisha pochi mfukoni. Mimi muuzaji hakunijibu hata swali hilo, sembuse kunipa nafasi ya kujaribu, na hasira yangu haijapoa mpaka leo.

Napiga gitaa la solo kwenye kwaya yetu hapa Mtwara mjini. Nimepanga Chikongola, chumba na sebule, ua mmoja na wapangaji wengine. Mchana niko kazini, jioni ni jikoni na watoto, kwa hiyo muda wangu wa kucharaza ni kuanzia saa nne usiku. Gitaa la umeme bila amplifaya linasikika kama mtu anayeongea huku amefunga meno. Vidole vya kushoto vinajifunza, sawa, lakini mkono wa kulia unabaki gizani. Kwenye sebene kazi kubwa ni kujua noti inakatikia wapi, kiganja kinazima uzi saa ngapi, kucha imegusa kwa nguvu kiasi gani. Mambo hayo hayasikiki kwenye mbao kavu.

Tena muziki wetu hautaki zile sauti za kukwaruza. Msikilize Mbaraka Mwinshehe enzi za Morogoro Jazz: kila noti imesimama peke yake, safi, unaweza kuihesabu. Hiyo ndiyo sauti ninayoitafuta mimi. Wauzaji wanakusifia amplifaya kwa wingi wa milio ya roki iliyomo ndani yake, na mimi katika milio hiyo sihitaji hata mmoja. Nataka sauti safi, kali kidogo kwa juu, mwangwi kiasi, na nataka niisikie mimi peke yangu.

Malipo ya korosho za shamba la mama kule Newala yalipoingia, mama akanipa fungu langu, nikasema sasa ni sasa. Huku kwetu maduka niliyopita yana spika za sherehe na mikrofoni, amplifaya ya gitaa huikuti. Nikapiga simu duka moja Kariakoo, nililoelekezwa na watu. Sitalitaja.

Yule kaka akaanza na wati. "Hiyo ni wati 10 tu dada, hata mtoto haamki." Huu ni uongo unaouzwa kila siku na watu wanaununua. Sikio halihesabu wati kama mtu anavyohesabu vitumbua. Kelele ya amplifaya ya wati 10 si nusu ya kelele ya wati 20, tofauti yao ni ndogo mno. Ili sikio lione sauti imekuwa maradufu unahitaji wati kama mara kumi. Maana yake hiyo ya wati 10 ukiifungulia kwenye chumba chenye kitanda na kabati inatosha kuufikia ua mzima. Kwa mtu wa mazoezi ya usiku wati karibu hazina maana. Cha maana ni tundu la hedifoni linafanyaje kazi, na ile nobu ya sauti, kitufe cha kuzungusha, ina tabia gani inapotoka kwenye sifuri. Zipo ambazo ukigusa kidogo tu inaruka kutoka kimya hadi kelele, katikati hakuna kitu.

Kwa hiyo nikauliza hayo mawili. Spika inakata yenyewe ukichomeka hedifoni? Nobu inapanda taratibu au inaruka? Kukawa kimya kidogo, halafu akanijibu: "Dada, mwambie mwenye gitaa anipigie, tutaelewana naye."

Nikamwambia mwenye gitaa ni mimi. Akacheka. "Haya basi, mwambie shemeji anipigie."

Naomba mtu anieleze. Nimemtajia sebene, nimemtajia tundu, nimemtajia nobu, na bado kwenye kichwa chake kuna mwanamume mahali fulani ambaye gitaa ni lake, mimi nimetumwa tu kama anayetumwa chumvi. Nimepiga gitaa kanisani tangu niko shule. Nimepiga kwenye mikesha mpaka kumekucha. Hakuna shemeji. Na hata angekuwepo, swali langu lilikuwa swali la amplifaya, na mtu anayeuza amplifaya alipaswa kulijua jibu lake. Nadhani hakulijua. Nadhani hiyo "mwenye gitaa" ilikuwa njia ya kunifunga mdomo asionekane hajui, na hilo linaniuma zaidi ya dharau yenyewe.

Nikalipa laki tatu na ishirini, kwa sababu wengine wote niliowapigia walikuwa hawana mzigo. Nikaongeza 15,000 ya adapta, maana tundu la ile mashine ni la jeki kubwa (jeki ni ile pini ya kuchomeka) na hedifoni zangu ni za jeki ndogo. Mzigo ukaja kwa basi, nikaupokea stendi ya Mkanaledi, boksi zima, plastiki zake zote. Adapta haimo. Nampigia, ananiambia "itakuja na basi la kesho, dada, usijali." Nikaazima ya mwenzangu wa kwaya.

Sasa usiku wenyewe. Watoto wamelala, nimechomeka kila kitu, nimevaa hedifoni zangu za kufunika sikio lote, na kwa mara ya kwanza nasikia gitaa langu kama ninavyolisikia kanisani. Niliona raha, siwezi kudanganya. Kulikuwa na kipande kimoja cha solo kimenisumbua kwa muda, nikawa nakirudia, nakirudia, kila nikikirudia naongeza sauti kidogo. Pazia la mlangoni likasogea. Nikageuka, mama mwenye nyumba amesimama, kanga begani, tochi ya simu mkononi, midomo inacheza simsikii. Nikavua hedifoni. Uzi wa tatu ulikuwa bado unalia, na ulikuwa unalia kwenye spika.

"Mwanangu, nimegonga mpaka mkono umechoka. Humu ndani mna mzazi."

Chumba cha tatu kutoka kwangu kulikuwa na mzazi, hata arobaini yake bado. Muda wote ule nilioamini nimejifungia peke yangu masikioni, spika ilikuwa inapiga nami sambamba, na sauti inapita juu ya ukuta chini ya bati, chumba kwa chumba. Ukivaa hedifoni nzuri huwezi kujua. Huo ndio ubaya wa kasoro hii: anayeisikia ni kila mtu isipokuwa wewe. Asubuhi nilikwenda kumpa pole yule mama. Hakunisema vibaya. Alisema tu mtoto ndiyo kwanza alikuwa amepata usingizi. Afadhali angenitukana.

Nikampigia wa Kariakoo nikiwa bado natetemeka. Jibu la kwanza: ndivyo zilivyo hizo mashine. Siyo kweli. Jibu la pili: tumia hedifoni za bluetooth. Hapo ndipo nilipojua naongea na mtu ambaye hajawahi kushika gitaa. Bluetooth ya amplifaya nyingi za namna hii ni ya kupokea muziki kutoka kwenye simu ili upige juu yake, haipeleki gitaa lako kwenye hedifoni. Na hata ungepata njia ya kupeleka, bluetooth ya kawaida inachelewa: unagusa uzi, sauti inakufikia baadaye. Kachelewesho kadogo tu, lakini sebene huwezi kuipiga namna hiyo, vidole na masikio vinagombana. Hedifoni za mazoezi ziwe za waya. Jibu lake la tatu: "Ndiyo maana nilikwambia mwenye gitaa anipigie. Mali ikishatoka dukani hairudi." Halafu akakata. Nilipotuma ujumbe, alama ikabaki moja. Ameniblock.

Wiki ile ningekuwa naandika haya ningewaambia msiinunue hii amplifaya hata mkipewa bure.

Kilichonibadilisha ni fundi redio wa hapa mtaani. Mzee yule hakuniuliza gitaa ni la nani. Alifungua skrubu za nyuma, akachomeka jeki polepole, akaniambia niiname nitazame. Ndani ya lile tundu mna kijiulimi cha shaba. Jeki ikiingia inatakiwa ikisukume, kiachane na mguso wake, na hapo ndipo njia ya sauti kwenda kwenye spika inapokatika. Hakuna kingine, ni kijiulimi tu. Changu kilikuwa kimepinda pembeni, jeki inapita bila kukigusa. Akakinyoosha kwa koleo ndogo, akasafisha na spiriti, akachomeka na kuchomoa mara kadhaa huku sikio lake liko kwenye spika. Kimya kabisa. Shilingi 5,000. Akanionya kwamba kwa hewa hii ya bahari ya kwetu miguso ya shaba haikai sana, chumvi inaila, kwa hiyo niichomeke na kuichomoa mara kwa mara na nisiiache karibu na dirisha.

Laki tatu na ishirini, na ugonjwa wake ulikuwa wa elfu tano. Yule kaka angeweza kuugundua kwa kuchomeka jeki moja dukani kwake kabla hajafunga boksi. Swali langu lilikuwa hilohilo! Nilimwuliza kitu kilekile kilichokuwa kimeharibika!

Na sasa hukumu inanishinda, kwa sababu mashine yenyewe ni nzuri. Sauti yake safi ni safi kweli, haiongezi ukwaruzo wa siri hata ukikaza mkono. Mwangwi wake ni wa kiasi. Nobu ya sauti inapanda taratibu, hilo naipa heshima yake. Ukipiga chini sana kwa spika utaona besi imepotea, lakini huo si ulemavu wa mashine, ni sikio la binadamu: sauti ikiwa ndogo besi ndiyo inayotangulia kutoweka, wanasayansi Fletcher na Munson walishalipima Marekani tangu 1933. Ongeza besi kidogo, shusha zile za juu, inakaa sawa. Kile kipande cha solo nimekiweza, na Jumapili mwalimu wa kwaya aliniuliza nimekula nini.

Pamoja na hayo, sijaiamini. Kila usiku navua hedifoni kwanza, nagusa uzi mmoja, natega sikio. Mwenzangu wa kwaya ana amPlug ya Vox, kile kidude kinachochomekwa moja kwa moja kwenye gitaa na hedifoni zinaingia humo. Nimekijaribu. Kwangu sauti yake ni nyembamba kwa sebene, na betri zinakwisha. Lakini hakina spika, na kisicho na spika hakiwezi kukuaibisha mbele ya mzazi. Kama ukuta wako haufiki kwenye bati na huna fundi wa kumwamini karibu, nunua hicho, sina ubishi. Kama unaye fundi, chukua amplifaya ndogo yenye sauti safi, mwone fundi kabla ya usiku wa kwanza. Nilisema mwanzo kwamba ikitoa mnong'ono rudisha pochi. Kwa sisi tunaopokea mizigo stendi ushauri huo hautekelezeki, najua, pochi imeshafunguka kitambo. Basi angalau mlazimishe muuzaji akupigie video akichomeka jeki mbele yako. Akikataa, au akikuuliza mwenye gitaa ni nani, kata simu wewe kabla hajakata yeye.

Mashine naipa nyota nne. Duka halipati hata moja. Adapta ya 15,000 bado haijaja na basi la kesho, na hela yangu naidai.