Gereji ya Ligula na milipuko ya ekzosi ya RX-7

Mazda RX-7 yangu ya mwaka 1985, yenye injini ya rota mbili (vipande vya pembetatu vinavyozunguka badala ya pistoni) aina ya 12A, ilikuwa ikilipua kwenye ekzosi kila nilipoachia pedali ya mafuta katika barabara ya Mikindani. Gereji ya kwanza ilinitaka ninunue kabureta nyingine.

Fundi wa gereji ndogo ya Ligula, mjini Mtwara, alianza kwingine kabisa: injini ikiwa bado baridi, aliiwasha, akaziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kilicholoa, kisha akapaka maji ya sabuni kwenye maungio, na povu likatoka kwenye gasketi iliyo karibu na injini. Alinieleza kwa subira kwamba injini ya rota hutoa moshi wenye petroli nyingi isiyoungua, na hewa ikiingia kupitia ufa, petroli hiyo huwaka ndani ya bomba lenye moto. Alikagua pia plagi zote nne, pamoja na vali inayoongeza hewa dereva anapoachia mafuta.

Milipuko imekoma. Nilisikitika tu kwamba nilisubiri gasketi siku tatu bila kupewa taarifa yoyote.