Kliniki ya mkoba inayokuja kijijini kwetu: naipa nyota nne

Zahanati yetu ya serikali haijafungwa, ila tangu bajeti ikatwe imebaki na mhudumu mmoja, na akiugua yeye, mlango haufunguliwi. Jokofu la chanjo lilizima zamani na halikutengenezwa. Kwa hiyo mwaka wa tatu huu nategemea gari la kliniki linaloletwa na wahisani mara moja kwa mwezi. Nampeleka mama yangu mwenye presha, na nampeleka mjukuu.

Siku ya matone ya polio ya wiki ya 14, muuguzi alisoma kwanza kipimajoto cha kisanduku cha baridi, kwa sababu chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Kisha akaniita: "Mama, sogea uone." Kwenye lebo ya kichupa kuna duara, na ndani yake mraba mdogo. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Kadiri inavyopigwa na joto mraba unakolea, na ukishafanana rangi na duara haifai tena. Kimoja kilikuwa kimekolea. "Hiki simpi mtoto," akasema, akakitenga na kuchukua kingine. Kwa uangalifu ule peke yake ningerudi kila mwezi.

Nawasifu pia wahisani wenyewe, maana wanalipia mafuta, matairi na mishahara. Nimewahi kumpeleka mgonjwa kwenye wodi ya uzazi mpya kabisa, jina la mfadhili limechorwa ukutani, na ndani hakuna mkunga. Jengo hulipiwa mara moja. Mkunga anataka mshahara kila mwezi, na hapo ndipo wengi hukimbia.

Nyota moja nimeizuia. Fedha zao ni za mwaka mmoja mmoja. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, hawa wetu, ambao hata hawakuwa wakipokea fedha za huko, walielemewa na maombi ya kuziba mapengo ya wengine. Gari likakosekana miezi miwili na hatukuambiwa neno. Mama akawa anakata kidonge nusu ili vimfikishe. Lilipokuja, presha yake ilisoma 190 kwa 110. Muuguzi aliomba radhi kwa dhati, nami nikapokea, lakini radhi haishushi presha. Wagonjwa wa kudumu wapewe dawa za miezi mitatu, na safari ikiahirishwa tupigiwe simu.

Halafu mara moja kwa mwezi haimtoshi mjamzito. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka mahudhurio 8, na kuanzia wiki ya 34 ni kila baada ya wiki mbili. Binti yangu aliambulia 5. Yaliyobaki yalikuwa ya zahanati, na tulipokwenda kuomba mkunga wa pili tukajibiwa, "Si mna gari?" Jibu hilo liliniuma sana. Wahisani wakae na serikali, waandikiane ni lini mshahara wa mkunga utahamia kwenye bajeti ya umma, na waje kutusomea tarehe hiyo mkutanoni.

Ukienda, fika kabla ya saa mbili asubuhi. Beba kadi ya kliniki na kopo la dawa unazotumia, hata kama ni tupu, kwa sababu wanalisoma.