Dalali wetu wa Kimara, nyota tatu kwa shingo upande

Hii ni kwa wale mnaotafuta nyumba Dar, ndo mmeoana juzi na hela ya kuungaunga. Jina la jamaa silitaji, madalali wa huku wanajuana na mi bado naishi hapahapa.

Ilikuwa 2016, Mwendokasi ndo imeanza Kimara mpaka Kivukoni, so kila dalali wimbo mmoja: "karibu na Mwendokasi bosi, dakika tano kwa mguu." Huyu wetu akachukua kwanza elfu kumi ya kuzungushwa, upate usipate hairudi. Sasa hizo dakika tano tukapanda boda, tukashuka bonde, tukapandisha mlima, wife kanikaba kiuno anasali, kuuliza hapa wapi, Bonyokwa!

Master aliyotuonyesha kweli choo kiko ndani, ila hakina mlango, kuna pazia, na pazia lenyewe halifiki chini. Kitanda kingekaa hatua moja tu kutoka hapo. Nikamwangalia jamaa, akasema "kwani nyie si mmeoana?"

Ikaja ya Morogoro Road, barabarani kabisa, tailizi, jipsam, bei chee, ila ukutani kuna X nyekundu mbichi. Eti alama ya sensa. Tukaikimbia. 2017 walivyoanza kuvunja nyumba kupanua barabara, Kimara mpaka Kiluvya, tukapita pale na daladala tukakuta kifusi, wife akasema haya, wamekuja kuhesabu.

Lakini kiboko ni yule mama mwenye nyumba ambaye hataki mke na mume, waliotoka walikuwa wanatwangana usiku mpaka mjumbe anaamshwa. Dalali bila kutuuliza akadakia "hapana mama, hawa kaka na dada." Mama akachangamka, soda zikaja, akaanza kumkagua wife, kwenu wapi binti, ugali unasonga? Halafu akanigeukia, "dada'ko ana mtu?" maana ana kijana wake yuko Tunduma, biashara zinaenda vizuri, tatizo hajapata mwenza. Wife kashaficha pete chini ya mkoba, anajibu kwa adabu kabisa "bado mama, tunamuomba Mungu." Soda ilinitokea puani aisee. Tulivyotoka dalali hata hacheki, anauliza "vipi, tulipie?"

Tuliyoichukua mwisho ni chumba na sebule, luku ya kushea, masharti ya mama mwenye nyumba: hita hapana, maharage kwenye jiko la umeme hapana. Alitaka kodi ya miezi sita na sisi tuna ya mitatu tu. Hapa ndo nilimvulia kofia jamaa, akachuchumaa pale barazani, "mama, hawa wanao ndo wanaanza maisha, wakikusumbua nikamate mimi," akabembeleza mpaka mama akalegea. Kwa hilo udalali wake wa kodi ya mwezi mmoja niliutoa bila kinyongo.

Kwa hiyo kwenye kutafuta nyumba nampa moja, kwenye kumlainisha mwenye nyumba tano. Hela ya kuzungushwa msitoe kizembe, mwambieni aikate kwenye udalali mkipata. Na akisema kwa mguu, muulize mguu wa nani.

Namba yake bado ninayo, wife ndo aliisevu: Shemeji wa Tunduma.